Kutoka PCB hadi wodini: mwongozo kamili wa kuomba udaktari kwa mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni wa kijana wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, Rukwa au Ruvuma anayetaka kusoma shahada ya Udaktari wa Binadamu, ile ambayo vyuo huiandika MD. Ni wa mzazi wake pia, maana kuna hatua ambazo bila mzazi hazisogei. Nimeuandika kwa sababu vijana wengi wa huku kwetu wanaokosa nafasi hukwamishwa na mambo yaliyotokea kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Kombi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na cha sita, haikuwa sahihi, majina kwenye vyeti hayafanani, laini ya simu iko kwa mtu mwingine, au kijana aliomba chuo kimoja tu akaamini Mungu atafanya. Yote haya yanazuilika ukiyajua mapema.

Kwa ufupi, safari yenyewe iko hivi. MD ni miaka 5 ya chuo, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, ambao wengi tunauita intanishipu. Baada ya hapo ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika linakusajili kamili. Ukihesabu na kidato cha tano na cha sita, unazungumzia miaka 8 tangu umalize kidato cha nne. Mzazi aambiwe hivyo tangu mwanzo ili ajipange.

Nini hasa kinaangaliwa

Ukisoma miongozo ya nje utakuta habari za mtihani wa MCAT wa Marekani au UCAT wa Uingereza, barua za kujieleza, mahojiano na saa za kujitolea hospitalini. Kwetu Tanzania mfumo ni mwingine. Chuo kinaingiza namba yako ya mtihani, kinavuta matokeo yako ya NECTA, kinakupanga pamoja na waombaji wenzako kwa alama, kisha kinachukua kuanzia juu hadi nafasi ziishe. Hakuna atakayekuuliza kwa nini unaipenda kazi hii. Ndiyo maana uzito wote wa maandalizi uko kwenye masomo matatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani kombi ya PCB.

Alama za kidato cha sita zinahesabiwa kwa pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Katika miongozo ya karibuni ya Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, kiwango cha chini cha kuomba MD ni pointi 6, angalau D katika kila somo kati ya hayo matatu. Kiwango hiki kimewahi kuwa juu zaidi ya hapo, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka wako na usitegemee maneno ya kaka aliyemaliza zamani.

Elewa vizuri maana ya kiwango hicho. D tatu zinakupa haki ya kuomba. Kupata nafasi ni habari nyingine, hasa kwenye vyuo vya serikali ambako wenye A na B ni wengi kuliko viti. Ukiwa na D tatu, omba, lakini panga machaguo yako ukijua ukweli huo. Ukiwa bado uko kidato cha tano, weka lengo lako kuanzia B kwenda juu katika Kemia na Baiolojia, na C kwenda juu katika Fizikia, halafu fanya kazi ya kufika hapo.

Kidato cha pili hadi cha nne

Kosa la kwanza hufanyika mwanafunzi akiwa na miaka 15 au 16. Shule nyingi zimekuwa zikimruhusu mwanafunzi anayeingia kidato cha tatu kuacha Fizikia na Kemia. Kwenye shule ya kata yenye mwalimu mmoja wa Fizikia, au isiyo naye kabisa, kishawishi cha kuacha ni kikubwa. Ukiacha Fizikia hapo, mlango wa MD umeufunga mwenyewe. Kama shule haina mwalimu, tafuta tuisheni wakati wa likizo, jiunge na wanafunzi wa shule jirani, omba madaftari ya waliokutangulia. Ni taabu, lakini ni taabu ya miaka miwili.

Hesabu na Kiingereza usiviache vishuke chini ya D. Nitaeleza sababu mbele kidogo, kwenye njia ya stashahada, na hiyo sababu imewaumiza wengi.

Unapojaza fomu ya machaguo ya kidato cha tano, ile ya Selform, weka PCB. Hapa nasisitiza: CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) haikupeleki MD, na CBN (Kemia, Baiolojia na Lishe) pia haikupeleki, kwa sababu hazina Fizikia. Kila mwaka wapo wanaopangiwa CBG wakafurahi kwamba angalau Kemia na Baiolojia zipo, wakaja kugundua tatizo wakiwa wameshamaliza kidato cha sita. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, TAMISEMI hufungua muda wa kubadilisha machaguo. Utumie. Ukishapangiwa kombi usiyoitaka, nenda kwa mkuu wa shule wiki ya kwanza kabisa uliyoripoti, ukiwa na matokeo yako mkononi, uombe kuhamia PCB kama shule inayo. Wiki ya kwanza anakusikiliza. Ukisubiri muhula uishe, darasa limeshafika mbali na nafasi imejaa.

Miaka miwili ya PCB

Sitakufundisha namna ya kusoma nadharia, walimu wako wanafanya hivyo. Nataka kusema juu ya mitihani ya vitendo, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wetu wanapoachia alama ambazo zilikuwa zao. Shule nyingi husubiri hadi Februari au Machi ya kidato cha sita ndipo zifungue maabara kwa bidii, na mtihani wa taifa ni Mei. Muda huo hautoshi kuuzoesha mkono.

Chukua mfano wa titresheni ya pamanganeti ya potasiamu na asidi ya oksaliki. Mwanafunzi anaijua hesabu yake vizuri kabisa, lakini bureti yake ameisuuza kwa maji pekee, hakumalizia kwa kuisuuza na pamanganeti yenyewe. Maji yaliyobaki ndani yanaipunguza nguvu, na usomaji wake wote unapanda juu. Amesahau faneli juu ya bureti, tone linadondoka katikati ya kazi. Mchanganyiko wa kwenye chupa ya koni hakuupasha moto hadi kama nyuzi 60 au 70, kwa hiyo rangi inachelewa kupotea na yeye anadhani ameshafika mwisho. Halafu anasoma chini ya mkunjo wa kimiminika kama alivyozoea kwa asidi, wakati pamanganeti ni nzito kwa rangi na chini hapaonekani. Kwa pamanganeti tunasoma juu ya mkunjo, jicho likiwa usawa ule ule. Mwisho, anaandika 22.5 badala ya 22.50. Makosa manne au matano madogo, na kila moja lina alama yake.

Dawa yake ni kurudia. Mwombe fundi wa maabara au mwalimu akuruhusu kufanya titresheni hata kwa maji na bureti tupu, kwa ajili tu ya kuuzoesha mkono kufungua koki polepole na kusimamisha kwenye tone moja. Kwenye Baiolojia, ukipasua panya au chura, ncha ya mkasi ielekee juu ili usitoboe viungo vilivyo chini ya ngozi, na mchoro wako ufanane na ulichokiona mezani, sio na picha ya kitabuni. Kwenye Fizikia, grafu ndiyo yenye alama: kipimo cha mihimili, vizio, na mteremko uliokokotolewa kwa pointi zilizo mbalimbali kwenye mstari.

Jambo jingine ni Kiingereza cha kuandika. Wapo wanafunzi wanaoweza kuzieleza figo kwa Kiswahili hadi ukashangaa, na kwenye karatasi ya mtihani wanaandika mistari mitatu. Andika majibu kamili kila wiki, mpe mwalimu asahihishe. Chuoni nako masomo, vitabu na mitihani ni kwa Kiingereza, kwa hiyo kazi hii haipotei. Kiswahili chako, na Kinyakyusa au Kihehe chako, vitakusubiri wodini, ambako bibi aliyetoka Busokelo au Kilolo atakuhitaji umsikilize kwa lugha anayoiweza.

Likizo moja, nenda hospitali iliyo karibu nawe ukaombe kuzungumza na daktari au tabibu. Haitakuongezea pointi hata moja. Itakusaidia kujua kama kazi yenyewe unaiweza. Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ya hospitali zenye historia ndefu: Tosamaganga nje kidogo ya Iringa, Ikonda kule Makete, Ilembula, Chimala, Peramiho kwa walio Ruvuma, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya yenyewe pamoja na kitengo chake cha wazazi Meta. Muulize daktari zamu yake ilianza saa ngapi na itaisha saa ngapi. Muulize analipwaje na alisubiri ajira muda gani. Wengi watakujibu kwa uaminifu.

Nyaraka, na hasa majina

Sehemu hii isome pamoja na mzazi.

Majina yako lazima yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita na kitambulisho cha NIDA. Kufanana maana yake ni herufi kwa herufi. Huku kwetu tatizo hili ni kubwa kwa sababu majina yetu yana tahajia mbili mbili. Atupele kwenye cheti cha kuzaliwa, Atupelye kwenye matokeo. Gwakisa kwa s moja, Gwakissa kwa mbili. Mwingine ana jina la ubatizo shuleni, na la babu kwenye cheti. Mwingine kidato cha nne aliandikwa majina mawili, cha sita matatu. Mfumo wa kompyuta haujui kwamba Atupele na Atupelye ni binti mmoja.

Fanya hivi. Ukiwa kidato cha tatu, toa cheti chako cha kuzaliwa uone kilivyoandikwa. Kama huna cheti, mzazi aanze kukifuatilia ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, ambako shughuli za wilaya za RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, hufanyika, na majina yaombwe kama yalivyo kwenye kumbukumbu za shule. Kama unacho na kinatofautiana na shule, mwambie mwalimu wa taaluma kabla shule haijakusajili kwa mtihani wa kidato cha nne, maana majina yakishatoka NECTA kuyabadilisha ni kazi ngumu. Kama umeshavuka hapo na tofauti ipo, nenda kwa wakili ukaandaliwe hati ya kiapo ya majina, na uulize kama kwa kesi yako inahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Usisubiri Julai.

Cheti cha kuzaliwa kinapaswa pia kuhakikiwa na RITA kwa ajili ya mkopo. Uhakiki unaombwa mtandaoni, unalipiwa kwa namba ya malipo, unarudishiwa majibu. Mwezi wa saba kila mtu yuko kwenye foleni hiyo. Ukifanya kabla ya mtihani wa Mei, unalala usingizi. Kama umefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe wakati huo huo. Kaya yenu kama iko kwenye mpango wa TASAF, andika namba ya kaya mahali salama.

Fungua barua pepe yako mwenyewe, kwa jina lako la kawaida, na nywila uiandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Sajili laini ya simu ambayo haitahama mikono. Nasema hivi kwa sababu vijana wengi huomba kupitia vibanda vya steshenari, na mwenye kibanda, kwa nia njema au la, anaweka barua pepe yake na namba yake. Ujumbe muhimu unapokuja unaenda kwake.

JKT na dirisha la maombi

Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Baada yake wahitimu wengi huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, wengine hapa hapa Itende au Mafinga, wengine mbali kabisa. Matokeo hutoka Julai, na madirisha ya vyuo na ya mkopo hufunguka kipindi hicho hicho, wakati wewe uko kambini na simu huenda huna. Makamanda huwa wanatoa nafasi ya kuomba, lakini usipange maisha yako juu ya dakika chache za intaneti ya kambini.

Kabla hujaondoka nyumbani, chagua mtu mmoja unayemwamini: dada, mjomba, mwalimu. Mwachie nakala za vyeti, picha ndogo zenye rangi ya nyuma inayotakiwa, namba zako za mtihani za kidato cha nne na cha sita, nywila ya barua pepe, na ikiwezekana laini yenyewe ya simu ikiwa hewani. Kaa naye muandike pamoja vyuo na kozi kwa mpangilio, mara mbili: orodha ya kufuata matokeo yakiwa mazuri, na ya kufuata yakiwa ya wastani. Mwachie na fedha ya maombi.

Kuchagua vyuo

TCU hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kila mwaka, bure, kwenye tovuti yake. Kipo cha wenye kidato cha sita, na kingine cha wenye stashahada. Ukifungua jedwali la chuo, kwenye mstari wa MD tazama safu tatu: masharti ya kujiunga, pointi za chini za chuo hicho, na idadi ya nafasi. Safu ya nafasi watu wengi hawaisomi, na ndiyo inayokuonyesha ukubwa wa ushindani. Chuo chenye nafasi chache na jina kubwa kitajaa wenye alama za juu kabisa.

Kwa mtu wa huku, chuo cha kwanza cha kufikiria kiko nyumbani: Chuo cha Sayansi za Afya na Tiba Shirikishi cha Mbeya, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kinafundishia katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kwa kuwa kiko chini ya UDSM, unaomba kupitia mfumo wa UDSM, kisha unachagua kozi ya MD inayotolewa Mbeya. Wapo waliotafuta mfumo wa Mbeya peke yake, wakaukosa, wakakata tamaa. Ukikaa Uyole au Iyunga, unaweza kuokoa gharama nyingi za kuishi mbali.

Kingine cha serikali ni MUHAS pale Muhimbili, chenye ushindani mkali kuliko vyote. UDOM iko Dodoma, na mtu wa Iringa anafika kwa barabara ya Mtera, kama kilomita 260. Kwa vyuo vya mashirika ya dini na binafsi kuna CUHAS Bugando Mwanza, KCMC Moshi, Mtakatifu Fransisko Ifakara, na Kairuki Dar es Salaam. Ifakara naipendekeza kwa uzito kwa watu wa Iringa na Njombe. Iko karibu kwa kupitia Mikumi, na hospitali yake inapokea wagonjwa wa vijijini wa aina utakaokuja kuwatibu.

Vyuo visivyo vya serikali ada yake ni kubwa mara kadhaa. Kabla ya kuweka chuo kwenye orodha, mzazi apige hesabu ya miaka yote 5, na aangalie ingekuwaje kama mkopo ungefunika sehemu tu ya ada. Familia inayotegemea viazi vya Mporoto, parachichi za Rungwe au mbao za Mafinga inajua kwamba bei ya mwaka huu sio ya mwaka ujao.

Mpangilio wangu ni huu. Omba vyuo vinne au vitano, ada ya maombi kwa vyuo vingi imekuwa shilingi 10,000. Kimoja cha ndoto, viwili ambavyo alama zako zinaingia katikati ya washindani, kimoja au viwili vyenye ushindani mdogo. Ndani ya kila chuo weka MD kwanza, kisha kozi nyingine za afya unazoweza kuzisoma kwa moyo: famasia, uuguzi, sayansi za maabara. Usijaze kozi usiyoitaka kwa ajili ya kujaza nafasi, kwa sababu unaweza kuipata.

Siku ya kuomba

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 maombi hufanyika moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo. Ule mfumo mmoja wa pamoja wa TCU ulishaachwa kwa waombaji wa shahada. Kwa hiyo utarudia kazi ile ile kwa kila chuo: unafungua akaunti kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unaingiza namba ya kidato cha sita, unapanga machaguo, unakagua, unatuma. Hakikisha umeona maneno yanayothibitisha kwamba ombi limepokelewa. Maombi mengi hufa yakiwa yamejazwa hadi mwisho bila kutumwa. Chapisha ukurasa wa mwisho, au upige picha.

Kama ulirudia mtihani, ingiza namba zote za mtihani kama mfumo unavyoelekeza. Mwenye stashahada atahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET (baraza linalosimamia elimu ya ufundi na stashahada), ile inayoitwa AVN. Iombe mapema, kwa kuwa chuo ulichosoma lazima kwanza kiwe kimepeleka matokeo yako NACTVET.

Na yeyote anayekuambia ana mtu ndani ya chuo atakayekuwekea nafasi kwa fedha, mkatae. Majina yakishatoka chuoni hupitiwa na TCU, na asiye na sifa huondolewa hapo.

Kuthibitisha

Awamu ya kwanza ikitangazwa, unaweza kukuta umechaguliwa vyuo viwili au vitatu. Hapo lazima uthibitishe kimoja ndani ya siku zilizotangazwa, kwa kutumia msimbo unaotumwa kwa ujumbe wa simu. Usipothibitisha, nafasi inaenda kwa mwingine. Ndiyo maana nilisisitiza laini. Msimbo usipofika, ingia kwenye akaunti yako ya chuo ukaombe utumwe tena, na usipofika bado, piga simu chuoni siku hiyo hiyo.

Usipochaguliwa, awamu ya pili hufunguliwa na vyuo vyenye nafasi hutajwa. Wengi hukata tamaa baada ya awamu ya kwanza, na nafasi nzuri huchukuliwa na waliobaki macho.

Mkopo

Ombi la mkopo ni kazi tofauti na ombi la chuo, na lina dirisha lake. Linafanyika kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, HESLB. Unajaza, unachapisha fomu, unaipeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji akaisaini na kugonga mhuri, unampelekea hakimu au kamishna wa viapo, mdhamini wako anasaini, kisha unazipandisha mtandaoni kurasa zilizosainiwa. Kwa mtu wa Ludewa au Ileje, kumpata kila mmoja wa hao ni safari. Piga simu kwanza ujue yupo. Kagua kila ukurasa kabla ya kuondoka ofisini kwake: mhuri uliosahaulika ni sababu ya kawaida kabisa ya fomu kurudishwa.

Mkopo unagawanywa kwa vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Haikusubiri getini siku ya kuripoti. Jipange na fedha ya angalau mwezi mmoja wa kwanza. Kukiwa na dirisha la rufaa na hukuridhika na ulichopangiwa, kata rufaa ukiwa na ushahidi mpya, mfano cheti cha kifo au barua ya ulemavu ambayo haikuwemo mwanzo. Ujue pia kwamba ukishaajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kila mwezi hadi deni liishe.

Kama ufaulu wako ni wa juu sana, fuatilia tangazo la Samia Scholarship, ambayo inawalenga wanafunzi wa sayansi waliofanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa kidato cha sita.

Njia ya stashahada

Alama zikikataa, au hukupangiwa kidato cha tano, njia hii iko wazi na ni ya heshima. Unasoma stashahada ya tiba ya kliniki miaka 3, unakuwa tabibu, unaweza kuajiriwa, kisha unaomba MD. Huku kwetu kuna vyuo vya matabibu vinavyojulikana, Mafinga na Songea vikiwemo. Madaktari kadhaa wazuri wa kanda hii walipita humo, na wanapofika mwaka wa tatu wa MD, wodini hawababaiki.

Kuingia stashahada hiyo unatakiwa kuwa na ufaulu wa kidato cha nne kwenye masomo manne yasiyo ya dini, ikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza vinahesabiwa kuwa nyongeza nzuri tu. Lakini ukitaka kwenda MD kutoka stashahada, masharti ya TCU yanadai wastani wa B au GPA ya 3.0, pamoja na angalau D ya kidato cha nne kwenye Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Umeona tatizo? Tabibu mwenye GPA ya 4.2 na F ya Hesabu anakwama. Hii ndiyo sababu niliyoiahidi kule juu. Kama ni wewe, jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea urudie Hesabu ya kidato cha nne wakati ukiwa bado chuoni. D inaanzia alama 30. Mada tano sita ukizisoma vizuri, takwimu, seti, hesabu za biashara, vekta, matriki, unaifikia.

Wanaofikiria kusoma nje ya nchi kupitia wakala: kabla hujalipa chochote, pata majibu ya maandishi kutoka TCU na Baraza la Madaktari kwamba chuo hicho kinatambuliwa na kwamba sifa zako zinakubalika kusajiliwa ukirudi.

Kabla ya kuripoti

Chuo kitakutumia maelekezo ya kujiunga yakiwa na fomu ya uchunguzi wa afya. Ijazwe na daktari wa hospitali ya serikali, na upeleke vyeti halisi siku ya usajili. Usinunue vitabu vikubwa vya anatomia. Maktaba inavyo, na waliokutangulia watakuambia vipi vinatumika. Koti jeupe nunua ukifika. Miaka miwili ya kwanza ni anatomia, fiziolojia, baiokemia, kisha patholojia na dawa. Stetoskopu inaweza kusubiri.

Kitu kimoja kianze mapema: chanjo ya homa ya ini aina ya B. Mwanafunzi wa udaktari atashika damu na sindano, na kinga kamili inahitaji dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi 6 baada ya ya kwanza. Ulizia hospitali ya mkoa wako, pima kwanza, uchome dozi ya kwanza kabla hujapanda basi, na kadi uiweke pamoja na vyeti vyako kwa sababu dozi mbili zilizobaki utazikamilishia chuoni.